Kuutambua muundo wa lipidi zisizo za kawaida za bakteria: mwongozo kutoka kwenye tope la makumbi

Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama vile Bwejuu, Paje na Jambiani, makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani, pale maji yanapofika yakijaa na kuondoka yakipwa, yakaachwa humo kwa miezi kadhaa mpaka nyama inayozishika nyuzi ioze na usumba uweze kutolewa kwa kupondwa. Anayefukua shimo la makumbi yaliyoiva hukutana na tope jeusi tititi na harufu ya yai viza. Vyote viwili ni kazi ya bakteria wasiohitaji oksijeni. Wao hutumia salfati iliyomo katika maji ya bahari kama sisi tunavyotumia hewa, na kuigeuza kuwa hidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo hiyo harufu. Nayo ikikutana na chuma kilichomo topeni hufanya salfaidi ya chuma, ambayo ndiyo huo weusi.

Bakteria hao hujenga utando wa seli zao kwa lipidi, yaani molekuli za mafuta, ambazo ni nadra kuzikuta katika samaki, nazi au mwili wa mtu, na kwa hiyo tope lao ni darasa zuri la kujifunzia namna ya kuutambua muundo wa lipidi usioujua. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa kemia au biolojia ambaye ameshawahi kuitumia kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi, yaani mashine inayozitenganisha molekuli na kupima masi ya vipande vyake, lakini ambaye mpaka sasa amezoea kuliamini jina linaloandikwa na kompyuta pembeni ya kilele, yaani kila mwinuko katika mchoro unaotolewa na mashine. Jina hilo ni tetesi. Kompyuta huilinganisha spektra yako na spektra ilizohifadhi, na lipidi isiyo ya kawaida huenda haimo kabisa miongoni mwake. Hata hivyo kompyuta haikubali kukaa kimya, bali hutaja ile iliyo karibu zaidi na kuipa alama za juu.

Asidi za mafuta tulizozizoea ni minyororo iliyonyooka yenye kaboni za idadi shufwa, hasa 16 na 18, pengine ikiwa na kiungo maradufu kimoja au viwili. Bakteria huenda njia nyingine. Wako wanaotia tawi la methili karibu na mwisho wa mnyororo au katikati yake, wako wanaotia pete ya kaboni 3, wako wanaounganisha mkia, yaani mnyororo wenyewe, na gliseroli kwa kiungo cha ithari badala ya kile cha esta, na wako waliofika mbali zaidi, kama tutakavyoona. Kwa hiyo anayetafuta muundo anapaswa kujiuliza maswali kadhaa, kila moja kwa wakati wake: kaboni ni ngapi, pete na viungo maradufu kwa jumla ni vingapi, kati ya hivyo, pete ni ngapi, tawi au kiungo kiko kwenye kaboni ya ngapi, mkia umeshikwa na kichwa gani na kwa kiungo cha aina gani. Hakuna mashine moja inayojibu yote, na makosa mengi niliyoyaona, yakiwemo yangu, yalitokana na kulijibu swali la nne kwa chombo kinachojibu la kwanza tu.

Kuchukua tope

Omba ruhusa kwanza. Shimo la makumbi lina mwenyewe, kwa kawaida bibi wa kijijini, na makumbi yaliyomo ni mali yake. Nenda siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, na uchukue tope la chini ya uso, lile jeusi, kwa kijiko cha chuma kilichosuuzwa kwa methanoli na klorofomu. Lijaze mpaka mdomoni katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha ndani cha Teflon, ili hewa isibaki, kisha liweke kwenye sanduku la barafu. Mfuko wa plastiki usiutumie hata kama ni mpya, kwa sababu plastiki huachia fthalati, ambazo hujitokeza kwenye spektra kwa ayoni yenye namba ya masi 149, na zitakusumbua mpaka mwisho wa kazi.

Ipo hatari nyingine ambayo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havina sababu ya kuitaja. Siku moja nilipata katika sampuli vilele viwili vikubwa, esta za methili zenye masi 214 na 242, yaani za asidi zenye kaboni 12 na 14, nikaanza kuziandikia maelezo ya kibakteria. Kwa bahati nilikuwa nimeandaa pia sampuli tupu, ambayo ilipitia hatua zote bila ya tope, na vilele hivyo vilikuwemo humo humo. Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12, na asubuhi ile nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi kichwani kama kawaida. Tangu hapo huvaa glavu, na sampuli tupu huiandaa kila mara, siyo ninapokumbuka. Na kwa kuwa shimo lenyewe ni la makumbi ya nazi, chembe za nyama ya nazi zinaweza kuwemo topeni. Kaboni 12 na 14 katika tope hili zisihesabiwe kuwa za bakteria bila ya ushahidi mwingine.

Tope lifanyiwe kazi siku ile ile. Likibidi kusubiri, ligandishwe, lakini asiyekuwa na jenereta asiitegemee sana friza: wanaoukumbuka mwezi wa Desemba 2009, umeme ulipokatika Unguja ukarudi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa. Lililo salama zaidi ni kulitia tope katika mchanganyiko wa methanoli na klorofomu mapema, kwa sababu hapo vimeng'enya vya bakteria husita kazi na lipidi haziendelei kuvunjwa.

Kuzitoa lipidi na kuzisafisha

Njia inayotumika zaidi ni ile ya Bligh na Dyer, iliyochapishwa Canada mwaka 1959 kwa ajili ya nyama ya samaki. Siri yake ni uwiano. Klorofomu, methanoli na maji vikichanganywa kwa ujazo wa 1, 2 na 0.8 hufanya kimiminiko kimoja kinachopenya ndani ya seli. Vikiongezwa klorofomu na maji mpaka uwiano ufikie 2, 2 na 1.8, kimiminiko hicho hutengana, na lipidi hubaki katika tabaka la chini la klorofomu. Maji yaliyomo topeni yenyewe yahesabiwe. Kausha kipande kingine cha tope kwenye joto la nyuzi 105 ujue kina maji kiasi gani. Ikiwa gramu 5 za tope zina maji gramu 3, ongeza mililita 1 ya maji, mililita 5 za klorofomu na mililita 10 za methanoli. Tikisa, acha saa kadhaa, chuja, rudia mara mbili kwa tope lile lile, kisha kwa kila chujio la kiasi hicho ongeza mililita 5 za klorofomu na 5 za maji na usubiri tabaka mbili zionekane.

Kazi hii yote ifanywe ndani ya kabati la kuvuta mvuke. Klorofomu katika joto la Kaskazi haitulii ndani ya pipeti: hudondoka yenyewe kabla hujafika kwenye chupa, na kipimo kinapotea. Ipoze kwanza kwenye barafu, na uivute na kuirudisha mara mbili au tatu ili pipeti ijae mvuke wake. Vyombo viwe vya kioo, vilivyochomwa kwenye tanuri la nyuzi 450 kwa saa kadhaa.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tope la makumbi hulileta na nyama ya samaki hailileti. Pamoja na lipidi, klorofomu huvuta salfa tupu iliyomo topeni. Molekuli ya salfa ina atomu 8, na masi yake ni 256. Esta ya methili ya asidi yenye kaboni 15, ambayo ni miongoni mwa asidi muhimu kabisa za bakteria hawa, nayo ina masi 256. Mwanafunzi anayetafuta namba 256 peke yake ataipata salfa na kufurahi bure. Ukiziona ayoni za 64, 128, 160 na 192 pamoja na 256, jua ni salfa. Dawa yake ni vipande vya shaba vilivyooshwa kwa asidi ya hidrokloriki mpaka ving'are, kisha vikasuuzwa kwa maji, methanoli na klorofomu. Vitie ndani ya dondoo, yaani klorofomu yenye lipidi, usiku mmoja. Asubuhi vitakuwa vyeusi. Viondoe, tia vipya, na uendelee mpaka shaba ibaki na rangi yake.

Baada ya hapo pitisha dondoo katika safu ndogo ya silika. Klorofomu hutoa lipidi zisizo na chaji, asitoni hutoa zile zenye sukari, na methanoli hutoa fosfolipidi, ambazo ndizo tunazozitaka zaidi kwa kuwa hutoka katika utando wa seli. Fungu la methanoli ligawe sehemu tatu: moja ya alkali, moja ya asidi, na moja ibaki nzima bila kuvunjwa.

Mgawanyo huo una sababu. Asidi ya hidrokloriki katika methanoli, ikipashwa moto, huvunja karibu kila kiungo cha esta na hata cha amidi, lakini huharibu pia pete za kaboni 3, ziitwazo siklopropani. Alkali, yaani potasiamu hidroksaidi ya 0.2 M katika methanoli kwa dakika 15 kwenye nyuzi 37, haizigusi pete, ila haivunji amidi. Kwa hiyo kilele kilichopo upande wa alkali na kilichopungua upande wa asidi kimeshakwambia jambo kabla ya spektra yoyote. Kinyume chake, asidi za hidroksi zilizoshikwa kwa amidi hutoka upande wa asidi tu, na plazmalojeni, yaani lipidi ambazo mkia wake mmoja umeshikwa kwa ithari yenye kiungo maradufu, hutoka huko kama asetali zenye ayoni kubwa ya 75.

Kilele cha 284

Esta za methili, yaani mikia iliyokatwa kwa alkali au asidi na kushikwa na methili ya methanoli, zikipita katika kromatografia ya gesi na kupigwa na elektroni za nguvu ya kawaida ya 70 eV, hutoa ayoni ya 74, ambayo ndiyo alama ya esta ya methili iliyonyooka mwanzoni mwake, pamoja na 87, na ayoni ya molekuli nzima. Hiyo hukupa idadi ya kaboni. Muda wa kutoka nao ni ushahidi, lakini dakika hazina maana nje ya mashine yako. Zigeuze kuwa urefu-linganifu wa mnyororo: asidi zilizonyooka za kaboni 14, 15, 16 na 17 hupewa namba hizo hizo, na kisichojulikana hupimwa kati yao.

Tuchukulie kwamba umepata kilele chenye masi 284, na kompyuta imekiita esta ya asidi ya heptadekanoiki, mnyororo ulionyooka wa kaboni 17. Namba ya masi inakubaliana, lakini kilele kimetoka kwenye 16.4, na ulionyooka lazima utoke kwenye 17.0. Kina tawi, basi. Tawi lililo kwenye kaboni ya pili kutoka mwisho, linaloitwa iso, hutoka karibu na 16.6 katika safu (mrija wa kromatografia) isiyo na ukutubi (polarity), na lile la kaboni ya tatu kutoka mwisho, anteiso, karibu na 16.7. Kilele chetu kimetangulia yote mawili. Kadiri tawi linavyosogea katikati ndivyo kilele kinavyowahi. Ukitazama kwa makini spektra ya esta ya methili yenyewe utaona ayoni za 171 na 199 zimenyanyuka kidogo, na 167 pamoja nazo, lakini si jambo la kuapia, kwa sababu mnyororo ukiwa umeshikwa na methili tu, chaji huhamahama na viungo huvunjika ovyo.

Dawa ni kuishikisha chaji mahali pamoja. Badilisha methili kwa kikundi cha pikolinili, chenye pete ya piridini ambayo naitrojeni yake huing'ang'ania chaji, na mnyororo huvunjika kaboni moja baada ya nyingine kama mtu anayepanda ngazi. Ayoni za 92, 108, 151 na 164 ni za kichwa chenyewe. Kuanzia 164, ambayo inabeba kaboni 3 za asidi, kila ngazi ni 14, yaani kaboni moja na hidrojeni zake mbili: 178, 192, 206, 220, 234, 248. Baada ya 248, ambayo ni kaboni ya 9, tulitegemea 262. Haipo, au ni dhaifu mno. Inayofuata ni 276. Ngazi imeruka hatua ya 28, kwa sababu kaboni ya 10 imebeba methili ubavuni na haiwezi kuondoka bila nayo. Ayoni ya molekuli ni 361. Hii ni asidi ya 10-methilihekzadekanoiki, ambayo inajulikana kuwa nyingi katika bakteria wa kundi la Desulfobacter, ambao hutumia salfati pamoja na asetati. Dada yake mwenye kaboni 19, asidi ya tuberkulosteariki, alipatikana mwaka 1929 katika bakteria wa kifua kikuu, kwa hiyo tawi kwenye kaboni ya 10 si la ukoo mmoja tu.

Kwa njia hiyo hiyo asidi za kaboni 15, ambazo zitakuwa nyingi katika tope hili, hutenganishwa pasi na shaka: iso huruka kutoka 290 hadi 318, na anteiso kutoka 276 hadi 304, zote zikiwa na molekuli ya 333. Nashauri ngazi hiyo uiandike kwa mkono kwenye daftari, namba kwa namba. Jicho linaloipitia skrini hupenda kuiona ngazi iliyokosekana hata kama ipo.

Kilele cha 282

Hapa ndipo wengi hukosea, na ndipo nitakapokaa zaidi. Masi 282 ni pungufu ya 284 kwa hidrojeni mbili. Kuna pete moja au kiungo maradufu kimoja, na spektra ya esta ya methili haiwezi kukwambia ni kipi, kwa kuwa pete ya siklopropani ikipigwa na elektroni hufunguka na kuiga kiungo maradufu. Wagombea ni watatu angalau: mnyororo ulionyooka wa kaboni 17 wenye kiungo maradufu; mnyororo wa iso wenye kiungo maradufu, ambao ni maarufu katika bakteria wa Desulfovibrio; na mnyororo wa kaboni 16 wenye daraja la kaboni moja kati ya kaboni ya 9 na ya 10, ambao ndio wenye siklopropani. Asidi ya kwanza ya namna hii ya mwisho ilielezwa na Hofmann na Lucas mwaka 1950 katika bakteria wa Lactobacillus.

Anza kwa dimethili disulfidi. Sehemu ya esta huyeyushwa katika hekseni, ikatiwa dimethili disulfidi na matone machache ya iodini iliyoyeyushwa katika ithari, ikaachwa kwenye joto la nyuzi 40 hivi usiku kucha, kisha iodini ikaondolewa kwa thiosalfati ya sodiamu. Harufu yake ni mbaya, ingawa aliyetoka kwenye shimo la makumbi hana haki ya kulalamika. Kiungo maradufu hupokea vikundi viwili vya methili na salfa, masi huongezeka kwa 94, na molekuli huvunjika pale pale kiungo kilipokuwa. Ukipata molekuli ya 376 na vipande vya 217 na 159, basi kiungo maradufu kilikuwepo, na kilianzia kaboni ya 9, kwa sababu 217 ndicho kipande chenye esta na kaboni 9 za asidi.

Lakini angalia: mnyororo ulionyooka na mnyororo wa iso, vyote vikiwa na kiungo kwenye kaboni ya 9, hutoa 217 na 159 sawasawa. Kipande cha 159 kinahesabu kaboni, hakisemi zimepangwaje. Swali la tawi halijajibiwa, na hili ndilo kosa nililokusudia nilipotaja chombo kinachojibu swali lisilokuwa lake. Chukua sehemu nyingine ya esta za awali, ipitishie hidrojeni kwa kichocheo cha paladiamu juu ya mkaa, na uirudishe kwenye kromatografia. Kilele kikihamia 17.0, mnyororo ulikuwa umenyooka, kikihamia 16.6, ulikuwa wa iso.

Na ikiwa kilele cha 282 hakikuguswa na dimethili disulfidi, kikabaki na masi ile ile baada ya paladiamu? Hapo pete ndiyo inayodhaniwa, hasa kama kilele kilikuwa kwenye 16.9 na kilipungua upande wa asidi. Tumia sasa kichocheo kikali zaidi, platinamu oksaidi katika asidi ya asetiki. Pete ya siklopropani hufunguka na kupokea hidrojeni mbili, masi hupanda hadi 284, na badala ya kilele kimoja vinatokea vitatu, kwa kuwa pete ina pande tatu na yoyote inaweza kukatika. Ukikatika upande wa mnyororo wenyewe unapata mnyororo ulionyooka wa kaboni 17. Zikikatika zile mbili nyingine unapata methili kwenye kaboni ya 9 au ya 10. Hiyo ya pili ni ile ile asidi uliyokwisha kuitambua kwenye kilele cha 284, na sasa inakusaidia bila ya gharama: ngazi yake ya 248 hadi 276 unaijua.

Aliye na miligramu moja au mbili za asidi safi, na njia ya kufika kwenye mashine ya NMR, inayozisoma hidrojeni za molekuli kwa sumaku, anaweza kuufupisha mjadala wote huu. Hidrojeni za asidi za mafuta huonekana kwa kawaida kati ya 0.8 na 5.4 kwenye kipimo cha ppm. Hidrojeni moja ya pete ya siklopropani iliyo cis, yaani yenye pande zote mbili za mnyororo upande mmoja wa pete, hukaa chini ya sifuri, kwenye hasi 0.33, mahali ambapo karibu hakuna kitu kingine, na wenzake huwa karibu na 0.6. Nionavyo, ni moja ya ishara tamu kuliko zote katika kemia ya lipidi. Tatizo ni hizo miligramu, ambazo hazitoki katika gramu 5 za tope bali katika lita kadhaa za bakteria waliooteshwa.

Zisizokubali kuvunjika

Sehemu ya tatu, iliyobaki nzima, ni ya kromatografia ya kimiminiko na spektrometa ya masi inayoingiza sampuli kwa mnyunyizo wa umeme. Hapa unaona kichwa na mikia pamoja. Fosfatidilethanolamini hupoteza kipande cha 141 katika chaji chanya; lipidi za ornithini, ambazo bakteria kadhaa huziongeza fosforasi inapoadimika, hutoa ayoni ya 115. Ukihamia chaji hasi, mikia hutoka kama ayoni za asidi: 255 ya kaboni 16, 269 ya asidi yetu yenye tawi, 267 ya ile yenye pete. Mashine ikiwa na usahihi mkubwa, itumie kuthibitisha fomyula: esta yetu ya 284 ni C18H36O2, yaani 284.2715, na asidi yenye oksijeni ya ziada na masi ile ile kwa namba nzima ingekuwa 284.2351. Tofauti hiyo ya 0.0364 mashine ya kawaida haiioni.

Ukiona lipidi nzima ambayo haikutoa esta yoyote, si upande wa alkali wala wa asidi, fikiria ithari. Wapo bakteria wanaotumia salfati wenye mikia ya ithari. Thermodesulfobacterium commune, wa chemchemi za maji moto, alielezwa hivyo mwaka 1983. Ithari ya kawaida, isiyo ya plazmalojeni, haivunjwi na methanoli yenye asidi. Tia kikundi cha trimethilisilili kwenye hidroksi zilizobaki za gliseroli na utazame: 205 ikiwa kubwa, gliseroli ina mkia mmoja wa ithari, 133 ikiwa kubwa, ina miwili. Kisha vunja kwa asidi ya hidroiodiki ili upate mkia wenyewe.

Mfano wa mwisho si wa tope letu, lakini unaonyesha pale ambapo chombo chenyewe kinadanganya. Bakteria wanaooksidisha amonia bila ya oksijeni wana asidi ya kaboni 20 ambayo fomyula yake ni C20H30O2. Hesabu ya pete na viungo maradufu ni kaboni, toa nusu ya hidrojeni, ongeza moja: 20 toa 15 ongeza 1, yaani 6, moja ni ya kikundi cha asidi, zimebaki 5. Hidrojeni haikuingia, kwa hiyo zote 5 ni pete. Mwaka 2002 Sinninghe Damsté na wenzake nchini Uholanzi walionyesha kwamba ni pete za kaboni 4 zilizopangwa kama ngazi ya kupandia mnazi, wakaziita laderani. Zikipashwa moto wa kromatografia ya gesi hubadilika umbo, na anayetegemea mashine hiyo peke yake hupata spektra ya kitu kilichozaliwa ndani ya safu. Mascitti na Corey waliitengeneza asidi hiyo maabara mwaka 2004, na mwaka 2006 wakaitengeneza ya mkono mmoja tu, yaani umbo moja kati ya mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kulia au kushoto ni swali ambalo spektrometa ya masi hailijibu kamwe. Hujibiwa kwa kulinganisha na kilichotengenezwa.

Kuandika jina

Muundo uliopatikana topeni ni wa tope, mpaka umpate bakteria mwenye muundo huo. Majani ya mikoko huleta asidi za kaboni 24 hadi 30, mwani huleta zenye viungo maradufu vingi, na vyote vimo katika dondoo moja. Mwoteshe bakteria bila hewa, peke yake, katika maji yenye salfati, na urudie hatua zote. Kisha nunua asidi halisi, ichanganye na yako, na uone kama kilele kinabaki kimoja katika safu mbili za ukutubi tofauti.

Katika ripoti andika kile tu kilichothibitishwa. Ikiwa dimethili disulfidi ilifanyika na hidrojeni haikufanyika, andika 17:1 yenye kiungo kwenye kaboni ya 9, tawi halijulikani. Usiandike iso kwa sababu wenzako waliandika iso. Sampuli tupu iwekwe kwenye jedwali karibu na nyingine. Dondoo lililobaki lipulizie naitrojeni, lifunge katika kichupa cha kioo cheusi, na upige mstari kwa kalamu pale kimiminiko kilipoishia, ili miezi mitatu baadaye ukikuta kimeshuka chini ya mstari ujue kwamba klorofomu imetoroka na kipimo ulichokiandika si cha kutumia tena.